Lango la Hedley

Bradford
4 Machi 1979

Kaka yangu Amos,

Natumaini barua hii inakukuta mzima, wewe na magoti yako. Jibini lilifika salama, ila tarishi alilinusa kabla yangu, akanipa pole kwa mara ya pili. Na acha kuomba radhi kwamba hukufika mazikoni. Theluji ya Januari ingemzuia hata askofu, na Hedley mwenyewe angekuambia ubaki na kondoo wako.

Nina ombi, nalo si langu hasa. Unawajua wenzake wa marehemu mume wangu, wale wa chama cha watembeaji. Alitembea nao miaka thelathini na mitano, kila Jumapili aliyopata nafasi kiwandani, mvua kwake haikuwa sababu. Sasa wamechanga, wanataka kumwekea kumbukumbu. Wanataka kutoa lango jipya la mbao nzuri, litundikwe kwenye njia aliyoipenda kuliko zote, na juu yake kibati cha shaba chenye jina lake. Njia yenyewe walimwuliza kabla hajafa. Ni ile inayotoka nyikani kushuka kwetu nyumbani. Lango wanalolitaka ni Lango la Juu.

Ardhi ni yako, ruhusa ni yako. Niliwaambia nitaandika. Niliwaambia pia kwamba mfugaji ana haki ya kukataa, na kwamba wewe si mtu wa mambo ya vibati. Ukikataa sitakulaumu hata kidogo. Malango ni mengi huku kaskazini.

Nyumba imekuwa kimya. Buti zake bado ziko mlangoni, sijui nizifanye nini. Jumapili iliyopita nilizipaka mafuta.

Dada yako,
Enid

*

High Ings, Askerthwaite
11 Machi 1979

Enid mdogo wangu,

Magoti yamekufa, mimi mzima.

Barua yako nimeisoma mara mbili, maana mara ya kwanza nilidhani umeniandikia ili nikatae. Nani kakuambia sipendi vibati? Nisiowapenda ni watembeaji. Watu husema mgeni njoo, mwenyeji apone. Hawa wakija, mwenyeji ndiye anayeugua. Juzi alinijia mmoja, ramani imemning'inia shingoni kama kengele ya ng'ombe, akaniuliza, "Mzee, hii njia inakwenda wapi?" Nikamwambia, "Haijawahi kwenda popote, iko hapa hapa tangu enzi za babu." Akaandika kwenye daftari, naapa.

Lakini Hedley sikumhesabu pamoja nao. Shemeji alikuwa mtu wa adabu zake. Wenzake wanapanda kuta na kuangusha mawe, malango wanayaacha yakipigwapigwa na upepo, na mimi nakwenda kuwafuata kondoo hadi uani kwa kanisa. Yeye miaka yote ile hakuacha lango wazi hata moja. Baba hakuwapenda watu wa mjini, unajua, lakini hata yeye alisema, "Angalau huyu anajua komeo ni la kazi gani." Kwa hiyo waambie ndiyo.

Na liwe Lango la Juu, hapo wamepatia. Lile la zamani limeoza, linasimama kwa mazoea tu kama mwenye nalo. Jos Sunter, fundi seremala wetu, ameshapanda kulipima, akanung'unika kwenda na kurudi. Nitafurahi kuliona likiondoka. Sababu unaijua, haina haja ya kuandikwa.

Buti zipake mafuta. Ngozi ikikauka hairudi.

Amos

*

Bradford
19 Machi 1979

Kaka Amos,

Asante kwa moyo wako. Nimeyafikiria maneno yako, nami naona pengine tungetafuta mahali pengine.

Wenzake Hedley wamezeeka. Bwana Thwaite ana moyo mbovu, na kile kipande cha mwisho kabla ya Lango la Juu ni kama ngazi. Je, lile lango la chini, kando ya mto, karibu na daraja la mbao? Hapo wangefika wote, hata wenye mikongojo. Au lisiwe lango kabisa, liwe benchi. Hedley alipenda sana kukaa juu ya ule ukuta unaotazama vijiji viwili, akala keki yake na jibini, akahesabu mabomba ya moshi ya nyumba. Nilikuwa nikimwambia, "Twende, tutachelewa treni," naye ananijibu, "Treni zipo nyingi, Enid, bonde ni hili moja." Benchi lingemfaa.

Nilipokuwa nikiyaandika haya nimekumbuka safari yetu ya mwisho huko, Septemba. Magugu ya nyikani yalikuwa yamegeuka zambarau yote, na yule ndege wenu wa mdomo uliopinda alikuwa akilia juu yetu. Hedley alikuwa amechoka tayari, ila hakutaka kusema. Kila lango tulilopita alirudi kulishika komeo, ajihakikishie. Mimi nilitangulia. Sikuzote nilikuwa natangulia kwenye malango.

Fikiria kuhusu benchi.

Enid

*

High Ings
1 Aprili 1979

Enid,

Benchi la nini? Kondoo watalilalia na mbwa watalikojolea. Jos keshapasua mbao. Na huyo Bwana Thwaite mwenye moyo mbovu alipita hapa Jumapili ya juzi, akala kwangu mayai matatu, akaondoka kwa miguu hadi stesheni akipiga mluzi.

Ameniachia maneno yatakayochongwa kwenye kibati. "Hedley Ackroyd, 1924–1979. Hakuacha lango wazi nyuma yake." Nimeyapenda. Ni maneno ya kweli na hayana mapambo.

Sasa ngoja nikuambie kitu, kwa sababu umezungukazunguka kwenye barua yako, nami nadhani najua unachokizunguka. Unaogopa kwamba lango lile litanirudisha kwenye mambo ya mwaka arobaini na nane. Unanihurumia. Basi usinihurumie. Nitayaandika mara moja, halafu tuyaache.

Ile Jumapili ya Machi baba alikuwa kitandani, mguu ukimwuma. Asubuhi alinusa upepo akaniambia, "Theluji inakuja. Nenda ukafungue Lango la Juu, ulishikize kwa jiwe, watashuka wenyewe. Kisha nenda kamsaidie mjane Metcalfe, hana mtu." Wewe ulikuwa umekwenda kwa shangazi. Nikapanda, nikafungua, nikashikiza kwa jiwe. Hilo nalikumbuka. Nikaanza kwenda kwa mjane, nikagundua nimesahau fimbo yangu pale ukutani, nikarudi kuichukua, nikapita langoni tena. Hapo ndipo sikumbuki. Mkono wa mfugaji hufunga lango bila kumwuliza mwenyewe, wewe pia ulizaliwa huku, unalijua hilo. Siku ya tatu tulipochimba theluji tuliwakuta themanini na watatu, wote wana mimba, wamebanana kwenye lango. Lilikuwa limefungwa na komeo liko mahali pake. Walikuja hadi langoni kama walivyofundishwa na mama zao, wakangoja.

Miaka thelathini na mmoja nimekuwa nikijaribu kukumbuka mkono wangu juu ya lile komeo. Kuna siku nauona kabisa. Kuna siku naliona jiwe, na mkono siuoni. Mtu hujifunza kutojiamini, Enid. Hadi leo nikitoka nyumbani narudi mara mbili kutazama moto.

Kondoo wa nyika hii hawana ua, mama humwonyesha mwanawe mpaka wao, naye humwonyesha wake. Wale waliokufa walikwenda na mpaka wetu vichwani. Kondoo wageni tuliowaleta baadaye wangetembea hadi Skotilandi. Ilibidi mtu asimame huko juu kila siku na kuwarudisha, hadi wana wao wazoee. Ilichukua miaka mitano. Dinah Peacock alikuwa ameshapata nafasi ya meli kwenda Nyuzilandi, na nafasi yangu pia. Nikamwambia mwakani. Mwaka uliofuata nikamwambia mwakani. Alinitumia picha ya bustani yake mara moja, ina malimau.

Baba alipokuwa akifa nilimwambia waziwazi, "Nililifunga mimi, baba." Maana tangu siku ile jikoni nilikuwa nimesema "labda" tu. Akaniwekea mkono kichwani, akasema, "Yameisha, mwanangu. Hata mimi ningeweza kulifunga." Hakuwahi kuniita mwanangu kabla ya hapo, wala hakupata nafasi tena. Kwa hilo naweza kuishi.

Ndiyo maana nataka lile lango litoke, na nataka lake Hedley likae pale pale. Nitalichoma la zamani kwa mikono yangu. Ni Jumapili ya tatu ya Juni, wenzake wameshapanga. Njoo siku moja kabla.

Amos

*

Bradford
8 Aprili 1979

Kaka yangu,

Nimeanza barua hii mara sita. Ukifika mwisho wake pengine hutataka kuniita mdogo wako tena.

Si wewe uliyelifunga.

Sikuwa kwa shangazi ile Jumapili. Nilimdanganya baba. Nilikwenda kukutana na Hedley kwenye barabara ya nyikani, alikuwa amekuja na chama, nasi tukajifanya tumechoka tukabaki nyuma. Kama saa sita mchana tukafika Lango la Juu. Lilikuwa wazi kabisa, jiwe lako limelishikiza. Hedley akasema, "Ni mvivu gani huyu kaacha lango wazi?" Alikuwa mtoto wa mjini. Kwenye chama walikuwa wamewafundisha jambo moja tu: funga lango, mkulima asije akakuchukia. Akaliviringisha jiwe kwa mguu hadi chini ya ukuta, upande wa kushoto ukishuka, kwenye majani yanayowasha. Akalifunga, akalitikisa ahakikishe, akanigeukia akiwa na furaha ya mtu aliyefanya wema.

Mimi nililiona lile jiwe, Amos. Huwezi kukulia High Ings usijue maana ya jiwe chini ya lango. Tulifundishwa kabla hatujafundishwa kusali: liache kama ulivyolikuta. Nilifungua mdomo nimwambie. Wakati huo huo akanishika mikono, yake ikiwa bado na matope, akaniuliza kama nitakubali kuolewa naye.

Nikasema ndiyo. Kisha sikusema lile jingine. Sikutaka kumwambia mtu aliyetoka kunichumbia kwamba amekosea, eti neno langu la kwanza kama mchumba wake liwe la kumkosoa. Nikajiambia, nitamsindikiza stesheni, nitapanda tena nilifungue. Theluji ilianza kabla treni haijaondoka. Nilikimbia, nikafika darajani, sikuona tena mkono wangu. Nikarudi nyumbani nikasema nimetoka kwa shangazi.

Siku ya tatu mlipoingia jikoni mikono ikiwavuja damu, baba, aliyejikongoja kutoka kitandani, akauliza, "Nani alilifunga?" nami nilikuwa nimeshika birika. Nilikuwa karibu kusema. Naapa nilikuwa karibu kusema, ila wewe ukatangulia: "Labda ni mimi. Nilirudi kuchukua fimbo." Nikamimina chai.

Nilidhani hasira ya baba itachukua wiki. Nilidhani nikisema, hatanipa Hedley, hatampokea maisha yake yote. Nikasema nitakuambia tukishaoana. Kisha nikasema baba akishafariki. Kisha wewe ukawa hulisemi tena, nami nikajifanya kuamini kwamba umesahau. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Nimeubeba wako miaka thelathini na mmoja, na kuna miaka mizima sikuusikia uzito wake. Hilo ndilo linalonitia aibu kuliko lile lango lenyewe.

Sikujua kuhusu Dinah. Nilidhani ni yeye aliyekuacha. Nilimsema vibaya kwa watu.

Neno moja tu nakuomba, nalo si kwa ajili yangu. Hedley hakujua. Sikumwambia hadi alipofumba macho. Miaka yote ile kila alipofunga lango alinigeukia na furaha ile ile, na ndiyo maana nilikuwa natangulia, ili nisimwone. Hasira yako usimpe yeye. Nipe yote mimi.

Nitawaandikia chama kwamba shughuli isifanyike.

Enid

*

Bradford
6 Mei 1979

Amos,

Hujajibu. Najua kondoo wanazaa na huna hata muda wa kunawa, kwa hiyo najiambia ni hilo.

Sijawaandikia chama. Nilikaa na kalamu nikaona nitalazimika kutunga sababu, nami nimechoka kutunga. Ukitaka nitasimama mbele yao wote siku hiyo, pale langoni, niseme lililotokea. Bora nizione nyuso zao. Ukitaka nisije kabisa, sitakuja. Ukitaka nisiandike tena, nitumie bahasha tupu, nitaelewa.

Jana nilitembea peke yangu kwa mara ya kwanza tangu afe, kutoka Ilkley hadi juu kwenye miamba. Nilivaa soksi zake. Huko juu nilikuta lango limefunguliwa, hakuna jiwe wala kamba, wala kondoo karibu. Nilisimama pale muda mrefu, watu wakinipita. Mwanamke wa miaka hamsini na miwili, hajui alifunge au aliache.

Majuto ni mjukuu, alikuwa akisema mama. Mimi sina mjukuu mwingine.

Enid

*

Karakana ya Sunter, Askerthwaite
24 Mei 1979

Bibi Ackroyd,

Samahani, hiyo "Bibi" imenishinda. Enid, tulikaa dawati moja na ulikuwa ukinichoma kwa kalamu.

Mimi si mtu wa barua, mke wangu ndiye ananisukuma. Lango limekwisha tangu wiki mbili zilizopita. Ni zuri, nasema mwenyewe kwa kuwa hakuna mwingine wa kusema. Tatizo ni kaka yako. Kabla ya hapa alikuwa akija kila siku kunisumbua, "Jos bado? Jos unalala?" Sasa nikimtajia anatazama pembeni. Juzi alikuja, akakaa juu ya ndoo yangu ya misumari karibu saa nzima. Nikamwuliza, "Amos, unaumwa?" Akasema, "Hapana, nimepona, na hakuna anayeniambia mtu akipona anafanya nini." Mimi nilidhani anasema magoti.

Kisha akaomba kile kibati cha shaba. Akakisoma, akakisoma tena, akacheka, Enid. Lakini si kicheko cha kuchekea pamoja. Akakitia mfukoni akaondoka nacho.

Watu wa mjini wanakuja tarehe kumi na saba ya mwezi ujao na masandwichi yao. Mimi nina lango lisilo na kibati, na mteja asiyesema. Nililete juu au nilifanye meza? Wewe ndiye unayemjua. Mke wangu anasema kama mmegombana mpatane, maana jibini lake tangu Aprili limekuwa chungu.

Jos

*

High Ings
3 Juni 1979

Enid,

Jos kaniambia amekuandikia. Jibini langu halina kasoro, mkewe ndiye mchungu.

Nilipopata barua yako niliisoma nikiwa nimesimama zizini. Nikaiweka mfukoni nikaendelea kuzalisha. Nilizalisha wiki tatu, usingizi kidogo, na kila mwana-kondoo aliyeanguka mikononi mwangu nilisema, si mimi. Nilisema kwa sauti. Mbwa alidhani namwita.

Ilipotulia nikapanda. Miaka yote hii nimekuwa nikipita Lango la Juu nimeangalia mbele, kama mtu anayepita nyumba ya anayemdai. Safari hii nikasimama. Nikaenda upande wa kushoto ukishuka, nikatoa yale majani kwa fimbo, mikono ikawasha hadi kwenye viwiko. Nimelipata, Enid. Limezama nusu ardhini na limeota kuvu, lakini nililijua, lina kona moja iliyomeguka. Mimi jiwe langu nikilitoa hulirudisha juu ya ukuta, siku zote, baba angenikata vidole. Halikai chini. Anayelisukuma chini kwa mguu ni mtu asiyejua kwamba kesho litatakiwa tena. Lilikuwa pale siku zote, hatua tatu kutoka nilipokuwa nikipita. Ningegeuza shingo tu.

Nilikaa pale hadi mvua ikaninyeshea. Nilikulaani, sitakuficha. Nilikulaani kwa jina la utoto. Nilifikiria birika. Unaweza kunieleza lango, mchumba, na theluji, nami nikayaelewa, mimi pia niliwahi kuwa na miaka ishirini na kitu. Lakini birika, Enid. Ulinimiminia chai, na ukatia sukari kama ninavyopenda.

Nilimfikiria Dinah pia, na kwa haki yako nitasema hili: ningeweza kwenda. Mwaka wa tatu kondoo walikuwa wameshazoea nusu. Nilibaki kwa sababu niliona mtu aliyefunga lango lile hastahili malimau. Hilo nilijifanyia mwenyewe, ingawa ni wewe uliyenipa kamba.

Hedley sina neno naye. Alifanya alichofundishwa, na alikifanya vizuri. Siku ya tarehe kumi na saba wenzake waje, wale, waimbe kama wanataka. Usisimame mbele ya mtu kusema lolote. Si habari yao. Lango nimelitundika mwenyewe jana, Jos kanishikia bawaba. La zamani sikulichoma. Nilikuwa nimeshawasha kiberiti, nikaona halikufanya kosa lolote. Nimelifanya uzio wa kuku. Kibati kiko kwenye droo ya jikoni pamoja na vijiko. Maneno yale siwezi kuyapigilia pale, na wala siwezi kuyatupa, maana yeye ni kweli alikuwa hivyo. Tutakaa mezani tuyaangalie wote wawili, wewe ndiye mjane wake.

Kimebaki kitu kimoja, nacho ndicho kilichonifanya nichelewe kuandika. Nilimwomba baba msamaha naye akanipa. Nilikuambia kwa hilo naweza kuishi, na kweli, nimeishi kwa msamaha huo miaka kumi na tisa. Nikiamka vibaya nilikuwa nasikia mkono wake kichwani. Sasa najua sikuwa na deni lolote kwake. Ule mkono haukuwa wangu. Ulikuwa unakutafuta wewe, ukanikuta mimi nimepiga magoti mahali pako. Nimegeuza hili kichwani hadi limelainika, na jibu ni hilo hilo. Ninacho hapa kitu chako. Alisema, "Hata mimi ningeweza kulifunga." Nilikuwepo, nilimsikia, naweza kukuapia kwamba alisema bila hasira.

Njoo uuchukue. Siwezi kuutia kwenye bahasha. Wangu mimi usiniulize, bado haujafika, na huenda tukazeeka tukiungoja. Lakini wa baba ni wako, na siupendi kuuona hapa ndani ukinitazama.

Usije kwa gari la yule Thwaite. Shuka stesheni, pita nyikani kwa miguu, njia ile ile. Vaa buti za Hedley ukijaza soksi, mteremko una tope. Lango utalikuta wazi, limeshikizwa na jiwe.

Usiliguse.

Amos